Pango la Boksi

Magamba mawili ya nyoka yalibanduka na selotepu, na Sia akaacha kuvuta.

Pango lenyewe alilitengeneza jana kwa boksi la viatu, akaliunga kwa selotepu ili lisilegee kwa unyevu. Bakuli la maji lilikuwa kitako cha dumu, na tawi la kupandia alilikata kwenye mpera wa uani. Alijipongeza sana. Sasa selotepu ilikuwa imeachia kwenye dari ya pango, na nyoka wake mdogo wa kahawia, asiye na sumu wala tabia ya kuuma, amenasa kwenye gundi yake kuanzia shingoni hadi tumboni. Kila alipojipinda ngozi ilivutika, nyembamba kama ganda la kitunguu. Sia alimshika kwa mikono yote miwili asije akajichana.

Mafuta yangembandua. Lakini hakuwa nayo, na mkono wa kuyafuata hakuwa nao pia.

"Mama," aliita. "Naomba mawese kidogo."

Mama mwenye nyumba alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Juzi, kwa mchi huohuo, aliua nyoka kama huyu, akamwita Sia aje kumwona.

"Mawese yapo, mwalimu. Unapika nini?"

"Niwekee tu hapo mlangoni, Mama."

"Mlangoni, kwani wewe mgeni? Nakuletea ndani."

Komeo la mlango lilikuwa wazi. Nyoka alitulia viganjani, moyo wake ukidunda chini ya kidole gumba cha Sia.

Huko uani mchi ukanyamaza, ndara zikaanza kuja.