Kikohozi cha Bi Mwanaheri

Dada mmoja, Sikudhani, alibonyeza kitufe cha kompyuta, na maneno ya nyimbo zote za marehemu Bi Mwanaheri yakatoweka. Alitaka programu yake ifute vikohozi tu, ambavyo mchapaji aliyenakili kanda za bibi huyo aliviandika kwenye mabano katikati ya beti. Badala yake ilianzia bano la kwanza ikafuta mpaka la mwisho.

"Kombo, nimemuua mara ya pili."

"Tulia, dada. Nilikupa nakala," alijibu mwenzake wa ofisini. "Faili lenyewe ninalo."

Sikudhani akashusha pumzi. Akairekebisha programu isivuke bano la kufunga lililo karibu. Nyimbo zikabaki, vikohozi vikaondoka, isipokuwa kimoja ambacho mchapaji alisahau kukifungia mabano.

Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, kisha akakiondoa. Akausoma ubeti ule kwa sauti, na alipofika penye kile kikohozi, akakohoa.