Kamba za Viatu

Kitabu cha maisha ya Chande, bondia aliyewahi kuushika mkanda wa taifa, kilikuwa kimebakiza sura moja. Chande alisimulia, Hatibu akaandika, kama walivyozoea tangu shuleni, Hatibu alipokuwa akimwandikia mwenzake insha.

"Usiku wa mkanda," Chande akaanza. "Andika: nilikaa chumbani peke yangu, nikajifunga bendeji mikononi."

Hatibu akainua kalamu. Hakuna bondia awezaye kujifunga mikono yote miwili ikakaza sawasawa. Kabla ya kila pambano, Chande aliegemeza ngumi zake kifuani pa Hatibu, naye Hatibu akizizungushia bendeji huku akimnong'oneza matusi ya kumchekesha, asitetemeke.

"Peke yako, Nyundo?" akauliza, akimwita kwa jina lake la ulingoni.

"Ndugu yangu, wasomaji wanataka shujaa. Shujaa hafungwi bendeji kama mtoto anayefungwa nepi!"

"Basi mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Nani kasema hukuwepo? Lakini hiki ni kitabu changu, bwana. Na wewe andika chako."

Hatibu akaandika: peke yangu.

Nje, gari la mchapishaji likapiga honi. Chande akanyoosha mguu mbele ya Hatibu. Vidole vyake, vilivyovunjika mara nyingi ulingoni, havikuweza tena kukamata kamba za viatu.

Hatibu akapiga magoti, kama kila asubuhi. Akazishika ncha mbili, akazivuta mpaka zikakaza. Honi ikalia tena.

"Vipi, Hatibu?"

Hatibu alikuwa bado amezishika zile ncha, hajazifunga.