Saa Iliyolazwa Mtoni

Siku kadhaa Fundi Harubu aliijaribu saa ya mkono aliyoletewa na Bi Tausi, mara kaining'iniza msumarini, mara kailaza mezani. Bi Tausi aliporudi kuichukua, alimkuta anatikisa kichwa.

“Ikining'inia inakwenda sawasawa, mama. Ikilala tu, inachelewa. Nyumbani unaiweka wapi?”

“Juu ya mto aliokuwa akilalia marehemu mume wangu, mwenye saa hii.”

Fundi akachukua bisibisi. “Basi niirekebishe iende sawa ikiwa imelala. Ila ikija kuvaliwa tena, itakimbia.”

Bi Tausi akaifunika saa kwa kiganja. “Usiiguse, fundi. Iache hivyo hivyo.”

Akaivaa mwenyewe. Mkanda ulimpwaya, saa ikawa inateleza kutaka kumtoka, naye akarudi nyumbani mkono kauinua, kama mtu aliyeshikwa mkono na mwenzake.