Mfano wa Kelele

Siku hizi kila mtu husikia kupitia vipokezi vya masikioni tu, na sheria inataka programu ya sauti ya kazini kwako ndiyo itumike na familia yako. Kwa hiyo nilipochagua programu ya jumba la maigizo ambako mimi ni fundi wa sauti, niliichagulia na nyumba.

Programu ya kwanza niliyoijaribu ilipiga ngurumo za mchezo kwa wakati, ila haikuondoa kelele. Ya pili iliziondoa yenyewe. Ilitaka tu kufundishwa kelele ni ipi. Nikarekodi muungurumo wa friji jikoni, na kwa mazoea nikafoka, "Nyamazeni, narekodi!" Fundi mzima, nikasahau kuikata sauti yangu kwenye rekodi hiyo.

Asubuhi nikamwita binti yangu Tunu anywe uji. Hakugeuka. Nikamshika bega.

"Mama, mbona unachezesha midomo tu?"

Baba yake akanyoosha miguu. "Leo nyumba imetulia kweli," akasema.

Nikakimbilia kompyuta niifute ile programu. Skrini ikaandika: "Thibitisha kwa sauti yako."

Nimekuwa nikithibitisha tangu asubuhi. Koo limenikauka, na skrini bado inaniambia inasubiri.