Baridi Iliyokuja na Jua

Kulipopambazuka theluji ilikoma, mbingu ikatakata, jua likatoka. Mwandishi mmoja, Sikudhani, alikuwa amekesha akimlilia mumewe, Mbaruku, ambaye hakurudi kutoka mlimani. Sasa alitoka mbio kichwa wazi, akijiambia kuwa baridi imekwisha. Katika riwaya alizoziandika mwenyewe, watu waliganda theluji ikianguka, na jua likichomoza walionusurika walikumbatiana.

Alishika komeo la chuma la lango. Kiganja kikanasa. Alipouvuta mkono, ngozi ilibaki kwenye chuma, naye akaitazama asiamini kuwa ni yake.

"Jifunike, mwanangu," alisema jirani yake, Bi Mkejina, akimvisha shali ya sufu. "Jana mawingu yalitusitiri. Baridi yenyewe ndiyo hii."

"Na Mbaruku? Theluji yote ile imemwangukia."

"Omba iwe imemfukia. Aliyejichimbia ndani yake hupata joto. Aliyebaki nje, chini ya mbingu kama hii..." Bi Mkejina aligeukia mlima.

Usiku kucha Sikudhani alikuwa ameomba theluji ikome.

Walipanda mlima pamoja na majirani wenye makoleo. Mteremko wote ulikuwa mweupe, hauna hata unyayo. Kisha, chini ya mwamba, Sikudhani aliona kitundu kisichozidi mdomo wa kikombe, kingo zake zimeyeyuka na kuganda tena, kana kwamba mtu alikuwa akipumua chini yake. Alipiga magoti, akakisogezea shavu, akazuia pumzi yake.