Hodi ya Kozi

Kozi, yule ndege mwindaji, alijisifu kwamba anaruka kwa kasi kuipita hata sauti yake mwenyewe. Siku ya kwenda kuposa kwa akina Korongo, ambao hawakumjua kwa sura, alipiga hodi akiwa bado mbali, kisha akaruka kwa nguvu zake zote. Akatua sebuleni huku hodi yake ingali njiani.

Mama Korongo alipoona kiumbe kimeingia kimyakimya, aliita mwizi. Ukoo mzima ukamvamia Kozi kwa midomo.

"Mama, nimepiga hodi," alilia Kozi.

"Nani kaisikia?" walimjibu, wakazidi kumdonoa.

Ndipo sauti yake ikafika mlangoni: "Hodi, hodi wenyewe."

"Karibu, mkwe wetu," aliitikia Mama Korongo kwa upole. "Subiri hapo nje kidogo, tunamalizana na mwizi."