Leonia Hafungui Mlango

Leonia alipigilia msumari mwingine kwenye mlango wake, kutokea ndani.

"Mama Angela, fungua!" mumewe, Felisian, alipaza sauti nje. Alikuwa amefika sasa hivi kutoka kuvuna ulezi kwa kaka yake, kijiji cha Mwazye. Hata gunia alikuwa hajalishusha kwenye baiskeli.

"Sifungui."

"Afisa mifugo yuko njiani!"

"Aje. Hata yeye simfungulii."

Kijiji kizima cha Pito kilikuwa kinamsema Leonia. Kuku wake walikuwa wameanza kufa, vichwa vimevimba na kugeuka zambarau. Afisa mifugo, Scola, alisema ni mafua ya ndege, na waliobaki lazima wauawe.

"Ugonjwa huu ukimwingia mtu, halafu ukazoea kutoka kwa mtu hadi mtu, hautaishia hapa Pito," aliwaonya mkutanoni.

Leonia alisimama mbele ya wote. "Kuku nimewafuga mwenyewe. Asiingie mtu bandani kwangu!"

Leo banda lilikuwa wazi, tupu. Majirani hawakuhitaji kuuliza kuku wamefichwa wapi.

Bibi Fortunata, mama yake Felisian, akafika na mjukuu mgongoni. Angela alikuwa akilala kwake tangu kuku walipoanza kufa, na Leonia alikuwa akienda kumnyonyesha huko. Leo hakwenda.

"Shikamoo, mama," Leonia alisema kutoka ndani.

"Marahaba. Mtoto analia tangu asubuhi, anataka kunyonya."

Nje kilisikika kilio cha Angela tu.

"Mpe uji, mama. Na umwondoe hapa. Tafadhali, umpeleke mbali."

Felisian alishindwa kujizuia. "Unamnyima mwanao ziwa kwa ajili ya kuku? Wewe ni mama wa namna gani?"

"Niite utakavyo. Mlango haufunguliwi."

"Basi nitauvunja!"

"Jaribu uone."

Akachukua shoka, akazunguka upande wa dirisha. Ubao wa kwanza ukapasuka. Wa pili ukaangukia ndani. Felisian akaingiza kichwa, tayari kwa vumbi na kelele za mabawa.

Hapakuwa na kuku. Hapakuwa na hata unyoya.

Leonia alikuwa ameegemea ukuta wa mbali kabisa, kanga imemziba pua na mdomo, blanketi mabegani, macho mekundu. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, ila mkono ulioshika panga ulikuwa umetulia.

"Rudi nyuma, Baba Angela. Ukiingiza mguu, naukata."

"Leonia... kuku wako wapi?"

"Niliwaua wote jana, nikawafukia. Afisa mifugo mrudishe, niitie daktari." Akakohoa ndani ya kanga, akainua panga juu zaidi. "Ningekwambia, ungeingia kunibeba. Homa imenianza mimi."